Kumshusha Shangazi

Fundi Mara Mbili hakupewa jina hilo kwa sababu ana wake wawili, ingawa wageni wa mtaa walidhani hivyo na kumwangalia mkewe kwa huruma asiyoihitaji. Alipewa kwa sababu hakuwahi kukata chuma, kukaza nati wala kutia sukari kwenye chai bila kuhakikisha mara ya pili. Akishapima, anakwenda bombani kunawa mikono, anarudi na kupima tena, kana kwamba chuma kimepata nafasi ya kurefuka wakati hayupo. Wateja wenye haraka zao walimkimbia. Waliobaki ni wale walioonja haraka za mafundi wengine, na hao hata ungewafukuza wasingehama.

Gereji yake ilikuwa nyumbani kwao, kwenye ua mpana wenye geti la chuma. Upande mmoja palikuwa na bati juu ya nguzo, shimo la kuingilia chini ya magari, na meza ya mbao iliyokunywa oili mpaka ikasahau rangi yake. Spana zilining'inia ukutani, kila moja imechorewa umbo lake kwa rangi nyeupe, ili aliyeazima asisingizie kwamba hajui pa kurudishia. Upande wa pili palikuwa na mlango wa jikoni. Katikati, pale ambapo mtu mwingine angepanda maua, alisimama Shangazi.

Shangazi hakuwa mtu. Alikuwa lori dogo la zamani, la kijani, lenye taa za duara na pua ndefu. Baba yake fundi alilipa jina hilo ujanani kwake kwa sababu kila asubuhi liligomba kwanza, likatoa moshi, likatikisika, ndipo likakubali kufanya kazi. Baba alilitumia kubebea mchanga. Na utingo wake, yule mtu wa kuruka chini na kuweka kigingi nyuma ya tairi gari lisirudi, hakuwa kijana wa kukodi. Alikuwa mkewe.

Ndiyo, Mama mwenyewe. Watu walisema mwanamke hawezi kuwa utingo, na Mama hakubishana nao. Alikuwa hana muda, alikuwa kazini. Vioo vya pembeni vya Shangazi vilivunjika zamani sana na Baba hakuona haja ya kununua vingine, maana alikuwa na mke. Mama alikuwa anasimama nyuma, anaangalia, anapiga ubavu wa gari kwa kiganja. Pigo moja, simama. Mapigo mawili, ondoka. Kwa lugha hiyo waliishi, wakalea mtoto, wakajenga nyumba, na Fundi Mara Mbili alijua maana ya mapigo hayo kabla hajajua kusoma.

Baba alipofariki, Mama alihamia mbele moja kwa moja. Kila mwisho wa wiki mwanawe alimtembeza, naye akakaa kiti cha abiria, kioo ameshusha, kiwiko nje, anasalimia barabara nzima kama mgombea. Halafu akaanguka bafuni na kuvunjika nyonga. Madaktari walimtengeneza vizuri, akainuka, akatembea kwa fimbo. Lakini mguu wa kushoto ulikuwa na mpaka wake. Ukifika kimo fulani, basi, hauendi mbele hata uubembeleze vipi, na kikanyagio cha kupandia mlangoni mwa Shangazi kilikuwa juu ya kimo hicho.

Walijaribu kigoda. Mama alikitazama, akamtazama mwanawe.

"Mimi ndiye niliyekuwa naliwekea gari hili vigingi," alisema. "Leo mimi ndiye wa kuwekewa?"

Walijaribu kumbeba. Alisema yeye si mfuko wa saruji, na aliyemgusa kiunoni alipata fimbo ya kifundoni. Fundi akachomelea ngazi ya ziada chini ya mlango, nayo siku ya kwanza tu ikagonga jiwe na kujikunja. Baada ya hapo Mama alihamisha kiti chake pale barazani, akakaa akiupa ua mgongo, akawa anaangalia ukuta. Hilo ndilo lililomuuma mwanawe kuliko fimbo. Mama aliyekuwa anajua habari za mtaa kabla hazijatokea sasa alikuwa anahesabu mijusi.

Jioni moja akasema bila kugeuka, "Liuze hilo gari. Bwana Tofali analitaka. Nimeshamwita, atakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi."

Bwana Tofali alikuwa mchomaji matofali, mtu mnene, mkarimu, na amemtamani Shangazi tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Fundi aliliangalia gari, akaiangalia baraza. Gari likienda, na Mama ndiyo basi tena. Atakaa barazani mpaka mwisho.

"Mama, nipe mpaka Jumamosi hiyo," alisema.

"Ufanye nini?"

"Kama mguu haupandi, gari litashuka."

"Gari si kuku, mwanangu. Halishuki ukiliita."

Lakini hakumkatalia. Fundi akaenda moja kwa moja mlango wa jikoni. Palikuwa na kipandio cha saruji pale, na kipandio hicho Mama alikipanda kila siku bila kukifikiria, mara nyingine akiwa na sufuria mkononi. Akakata kijiti sawasawa na kimo chake. Akanawa mikono, akarudi, akapima tena. Kisha akakisimamisha kijiti chini ya kikanyagio cha Shangazi. Kilichobaki juu yake kilikuwa upana wa kiganja pamoja na dole gumba. Kazi yote ilikuwa ni hiyo: kumwondolea Shangazi kiganja kimoja na dole gumba, huko mbele, maana kibanda cha dereva kinafuata pua, pua ikishuka na chenyewe kinashuka.

Wa kwanza kutoa ushauri alikuwa Shemeji, kaka wa mkewe, mhunzi wa springi, mtu wa mikono ya dhahabu na mdomo usio na breki.

"Hiyo kazi ya dakika tano, shemeji," alisema. "Tunazichoma springi kwa gesi hapo hapo zilipo, zinalala zenyewe."

"Zikilala hivyo haziamki. Springi ikichomwa ovyo inabaki chuma tu, na siku moja itakatika Mama akiwa ndani."

"Mimi nimechoma nyingi sana."

"Na zimekatika ngapi?"

Shemeji akaanza kuhesabu vidole, akaona mazungumzo hayaendi anakotaka, akaomba chai.

Basi wakafanya kwa njia ndefu. Walimpandisha Shangazi juu ya vigogo, wakafungua magurudumu ya mbele, wakatoa springi zake, vile vyuma vya bapa vilivyolaliana kama mikeka. Bapa kuu lilikuwa na jicho kila mwisho, yaani pete inayoshika pini ya chesisi, ule uti wa mgongo wa gari, na jicho hilo lilikuwa limeviringishwa kwa juu. Shemeji alitengeneza bapa jipya lenye jicho lililoviringishwa kwa chini. Kwa hilo peke yake chesisi inashuka, na springi inabaki na nguvu zake. Mabapa membamba ya katikati wakayapunguza idadi kidogo, kwa kuwa Shangazi hakuwa anabeba tena mchanga wa kujengea ghorofa.

Bado haikutosha. Fundi akazunguka kwa wauza vyuma chakavu mpaka akapata ekseli, kile chuma kinachounganisha magurudumu, ya mbele ya lori la aina nyingine, yenye tumbo lililoshuka kuliko la Shangazi na ncha zilizopanda kwenda kwenye magurudumu. Springi zikikalia tumbo hilo, gari zima linakaa chini zaidi. Kasoro ni kwamba matundu yake hayakulingana na pini za Shangazi. Akaipeleka kwa fundi wa kerezo, ile mashine ya kuchonga vyuma, akamwambia vipimo, akarudi baada ya chakula cha mchana kumwambia tena, na fundi wa kerezo, ambaye alikuwa anamfahamu, akamjibu kwamba hajaanza bado kwa sababu alikuwa anasubiri hii mara ya pili.

Kisha shokomzoba za zamani, zile za kutuliza mtikisiko, zikaonekana ndefu mno, zingebanwa mpaka mwisho na kupiga kelele kwenye kila kishimo, kwa hiyo zikatafutwa fupi. Ufito wa usukani nao ukapindwa upya ili gari lisivutane na dereva likiruka tuta. Magurudumu yaliporudishwa, Fundi alikata usukani mpaka mwisho kulia, halafu mpaka mwisho kushoto, na kushoto tairi likagusa madigadi, lile bati la kukinga tope. Akaukunja ule ukingo wa madigadi kwa ndani, taratibu, asiharibu rangi aliyoipaka baba yake.

Muda wote huo Mama alikuwa barazani, mgongo huku. Ila masikio hayana mgongo.

"Wanafanya nini sasa?" alimwuliza mkwewe.

"Wanapima, Mama."

"Ya kwanza au ya pili?"

"Ya pili."

"Basi wanakaribia."

Mkewe fundi alikuwa mtu wa macho makali, na ndiye aliyegundua kwamba kiti cha Mama kinasogea. Siku moja kilikuwa kimetazama ukuta. Siku nyingine kimetazama kona. Siku nyingine Mama alikuwa amekaa upande, eti jua linamchoma. Hakumwambia mtu isipokuwa mumewe, kitandani, kwa kunong'ona. Mumewe alilala usingizi mzuri siku hiyo.

Ijumaa jioni Shangazi akashushwa kutoka kwenye vigogo. Fundi akasimamisha kijiti chini ya kikanyagio. Kikaingia, kikagusa juu, kikasimama chenyewe. Akazunguka uani na gari, akapita juu ya gogo, akakanyaga breki kwa ghafla, akarudi kinyumenyume. Kila kitu kilikaa sawa. Angeweza kutoka nalo barabarani kulijaribu zaidi, na Shemeji alimshauri hivyo, lakini alikataa katakata. Alikuwa ameweka nadhiri moyoni kwamba Shangazi hatoki geti lile bila Mama kuwa ndani. Ilikuwa nadhiri nzuri, na ndiyo iliyomponza.

Jumamosi asubuhi Bwana Tofali alifika, kofia mkononi, amevaa vizuri kama mtu anayekwenda kuchumbia. Alimzunguka Shangazi.

"Mbona limeinama hivi? Linatafuta sindano?"

Kabla hajajibiwa, Mama akatoka jikoni. Alikuwa amevaa gauni lake la kutokea na kitambaa kichwani, na hiyo peke yake ilikuwa habari. Alitembea hadi mlangoni mwa gari. Akakitazama kikanyagio, akakigonga kwa fimbo, akageuka kutazama kile kipandio cha jikoni. Alielewa kila kitu pale pale. Akampa mkwewe fimbo.

"Msinishike," alisema.

Alishika chuma cha mlangoni. Mguu wa kulia ukapanda, huo haukuwa na neno. Wa kushoto ukafuata polepole, ukasita hewani, na ua mzima ukasita nao. Shemeji alikuwa ameziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo dada yake hakuwahi kuliona. Kisha mguu ukafika. Ukakanyaga. Mama akainama, akaingia, akakaa, akavuta mlango kwa ule mtindo wa kuuinua kidogo kwanza kwa sababu bawaba zimechoka, mlango ukafunga. Akazungusha kishikio, kioo kikashuka, akatoa kiwiko.

Fundi Mara Mbili alilia. Hakuona aibu. Alijifuta na kitambaa cha gereji na kujiachia mstari mweusi kutoka jicho hadi sikio, akapanda upande wake, akawasha. Shangazi akagomba, akatikisika, akakubali. Mkewe akafungua geti. Gari likasogea, likafika getini, na chini ya pua kukasikika mlio wa chuma na saruji kukwaruzana. Likagoma.

Fundi akashuka, akalala kifudifudi. Pale getini palikuwa na kizingiti. Alikijenga mwenyewe mwaka ule mvua zilipoingiza maji gerejini mpaka viatu vikaelea, tena akakijenga kirefu, akakisifia kwa kila aliyepita. Bampa la Shangazi lilikuwa limekigonga. Lilihitaji kuinuka kama upana wa vidole viwili tu. Mtu huyu alikuwa amepima springi, ekseli, shokomzoba, matundu ya pini na ukingo wa madigadi, vyote mara mbili. Kizingiti cha geti lake hakukipima hata mara moja.

Mkewe alianza kucheka kwanza. Alijizuia, ikashindikana, akaegemea geti. Fundi mwenyewe akacheka akiwa bado chini.

"Mama," aliita, "shuka kidogo tupunguze uzito mbele. Nikishavuka utapanda tena."

"Nimekaa," Mama alisema.

"Dakika moja tu, Mama."

"Mwanangu, nimekaa barazani siku zote hizo. Sasa nimepanda. Sishuki mpaka tufike."

"Tufike wapi?"

"Mchangani. Kule tulikokuwa tunapakia na baba yako."

Fundi akaleta mbao za kupandishia magurudumu. Ya kwanza ikapasuka. Ya pili ilikuwa mlango wa kabati, na mkewe akamnyang'anya. Bwana Tofali, aliyekuwa anaona mambo yanamwendea vizuri, akakohoa kwa adabu.

"Gari lisilotoka nje ni banda tu," alisema. "Afadhali nilichukue mimi."

"Utalichukuaje na halitoki?" aliuliza mke wa fundi, na Bwana Tofali akabaki anaitazama kofia yake.

Ndipo likasikika pigo moja ubavuni mwa gari. Wote wakasimama, hata wasiojua kwa nini.

"Mmesahau hili gari lilikuwa la kazi gani?" Mama alisema dirishani. "Baba yako alipokuwa anapakia mchanga nyuma kabisa, pua ilipanda mpaka taa zikawa zinamulika ndege kwenye miti. Pakieni."

"Tupakie nini, Mama? Mchanga hatuna."

"Na hawa wote wanaotuangalia ni wa nini?"

Kweli, nje ya geti mtaa ulikuwa umeshajaa. Habari njema haihitaji kutangazwa. Akaja mshonaji, tepu ya kupimia ikiwa shingoni. Akaja muuza mkaa, akaambiwa akae mbali na mshonaji. Wakaja kina mama waliokuwa bombani, na mwalimu aliyekuwa anapita zake akaulizwa uzito wake na Shemeji, kwa sauti kubwa, mbele ya watu. Walipanda nyuma, wakabanana ukingoni kabisa.

"Na wewe, baba," Mama alimwambia Bwana Tofali, "panda, ukae mwisho."

"Mimi? Kwa nini mwisho?"

"Mwili huo Mungu hakukupa bure. Tusaidie."

Bwana Tofali alipanda. Na alipokaa, springi za nyuma zikalia, na pua ya Shangazi ikainuka. Watu wakashangilia. Fundi akalala chini, akaona mwanga ukipita kati ya bampa na kizingiti. Akapima kwa vidole. Panatosha. Akainuka, akajikung'uta, akaanza kutembea kuelekea bombani.

"Anakwenda kunawa mikono!" Shemeji alipiga yowe. "Jamani, mtu huyu anakwenda kunawa mikono!"

Watu walimwomba, walimtisha, mshonaji alimtupia tepu yake. Hakuambilika. Alinawa, akarudi, akalala, akapima mara ya pili. Panatosha. Akapanda kwenye usukani.

Shangazi alitoka kwa mwendo wa bibi harusi. Bampa likapita juu ya kizingiti bila kukigusa. Magurudumu ya mbele yakapanda, yakashuka. Ya nyuma yakafuata, mtaa mzima ukayumba kushoto, ukayumba kulia, muuza mkaa akamwangukia mshonaji vile vile walivyohofia, na gari likasimama barabarani, juani, likinguruma. Nyuma yao mkewe fundi alikuwa ameshatoa nyundo kubwa gerejini na kumkabidhi kaka yake.

"Wakirudi wasikikute," alimwambia, akionyesha kizingiti.

Fundi alimtazama Mama. Mama hakumtazama, alikuwa anaangalia barabara, mbele, kitambaa kinapepea, kiwiko nje. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliye peke yake. Ua ulikuwa nyuma yao, na baraza, na kile kiti.

Bwana Tofali aliinamia ubavuni kutoka nyuma, jasho linamtoka, akaita kuelekea dirishani kwa heshima zote.

"Mama, samahani. Kwa hiyo hili gari nalichukua lini?"

Mama akatoa mkono nje, akakunjua kiganja, akaupiga mlango wa Shangazi mapigo mawili.

Na mwanawe akaondoa gari.